Je, mume na mke Wakristo wanaweza kutumia siku nzima kuutazama mji?



Katika mafundisho ya ndoa kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa, na vijana wanaliuliza kuliko wazee. Swali ni hili: mume na mke waliofunga ndoa mbele ya Mungu, je, ni halali kwao kuacha kazi siku moja, washuke mjini wawili tu, watazame ziwa, nyumba, barabara na watu, kisha warudi jioni bila kununua wala kuuza kitu? Wengine wanaliona swali hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu makubwa: namna tunavyotumia wakati tuliopewa, namna tunavyotumia macho, na namna tunavyoishi na jirani.

Wenye kukataa wana maneno yao, na ni vizuri tuyasikie kwanza.

Wa kwanza wanasema: matembezi ni mambo ya Wazungu na matajiri. Siku hizi picha zinafika katika simu za watoto wetu, wanaona bibi na bwana wanazunguka Bangkok au Singapore, asubuhi kwenye hekalu, saa sita sokoni, jioni kwenye mashua, na kila saa wanapiga picha. Mkristo wa Bukavu akiiga mambo hayo, atakuwa anatafuta kuonekana tu.

Wa pili wanasema: feza iko wapi? Mwaka wa 2025 mabenki ya mji huu yalifunga milango, na watu wengi walikaa bila mshahara. Mama anayeuza sambaza akipoteza siku moja, watoto wanalala njaa. Kutembea bila kazi ni uvivu, na uvivu Biblia inaukataza.

Wa tatu ndio wenye neno zito kuliko wote. Wanasema: mji huu umejaa makaburi na maombolezo. Kutembea ndani yake kwa furaha ni sawa na kwenda kucheka kwenye kilio.

Hatuwezi kuwajibu hawa wote kwa neno moja. Tuanze na Maandiko, tushuke katika historia yetu, kisha tuingie mjini kwenyewe.

NENO LA MUNGU LINASEMAJE

Someni Zaburi ya 48, mstari wa 12 na wa 13. Hapo watu wa Mungu wanaamriwa kuuzunguka mji, kuihesabu minara yake na kuziangalia vizuri ngome zake, ili wapate la kuwasimulia watoto. Asiyetembea ataisimulia nini kesho kizazi kinachokuja? Katika Mwanzo 13:17 Mungu anamwambia Abramu aondoke, aitembee nchi katika urefu wake na upana wake. Nehemia, kabla hajainua jiwe moja la ukuta wa Yerusalemu, alitoka usiku akazunguka akitazama mahali palipobomoka (Nehemia 2). Paulo alipofika Atene alipita katika mji akitazama kwa uangalifu vitu walivyoviabudu, ndipo akapata mahali pa kuanzia mahubiri yake (Matendo 17). Kumbe kutazama ni mwanzo wa kazi nyingi za Mungu.

Na juu ya wawili, mume na mke, Neno halikunyamaza. Katika Kumbukumbu la Torati 24:5, mwanamume aliyeoa mke mpya anaachiliwa vita na kazi za serikali mwaka mzima, akae kwake amfurahishe mke wake. Tazama vizuri: sheria ile ile iliyohesabu mikate na ng'ombe za sadaka ilihesabu pia furaha ya mwanamke aliyeolewa. Katika Wimbo Ulio Bora 7, mpenzi anamwita mwenzake watoke pamoja, waende mashambani, walale vijijini, waamke mapema wakaone kama mizabibu imechanua. Safari hiyo ni ya kuona tu, na imeandikwa katika Biblia Takatifu.

Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha macho yaliyoharibu. Hawa alitazama mti akaona unapendeza. Loti aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji mengi, akachagua Sodoma. Daudi alitembea juu ya dari ya nyumba jioni, akatazama mke wa mtu mwingine, na mwisho wake ulikuwa damu. Kuhani na Mlawi katika Luka 10 walimwona mtu aliyejeruhiwa barabarani. Walimwona kweli, wakapita kando.

Basi miguu peke yake haina hukumu. Miguu ya Daudi ilitembea, na miguu ya Nehemia ilitembea. Tofauti yao ilitokea pale kila mmoja alipoona kitu: mmoja alisema moyoni, "Hiki nikipate." Mwingine alisema, "Hiki kinanidai." Neno hili la mwisho tunaomba mlishike, kwa maana ndilo tutakalotembea nalo mpaka mwisho.

WATU WA NDOA WA NKAMBA

Kabla ya kusema kwamba siku moja ya mume na mke ni kitu kidogo, tukumbuke Papa Simon Kimbangu na Mama Mwilu Marie.

Kazi ya Papa Simon Kimbangu ilianza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikuwa tayari mikononi mwa askari. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville ambako leo ni Mbanza-Ngungu, mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji alibadilisha hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Wakampeleka upande mwingine wa nchi, Elisabethville, leo Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30 mpaka alipolala tarehe 12 Oktoba 1951. Mama Mwilu alibaki Kongo ya Chini na wana watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, na mdogo wao alikuwa na miaka mitatu tu. Aliichunga imani ya watu kwa siri, chini ya jicho la serikali. Alilala tarehe 27 Aprili 1959, miezi michache tu kabla kanisa halijatambuliwa tarehe 24 Desemba mwaka ule, na mwaka mmoja kabla mwili wa mume wake haujarudishwa Nkamba, Aprili 1960.

Hesabuni, wapendwa. Miaka 30 ni siku zaidi ya elfu kumi. Hao wawili hawakupewa siku hizo za kukaa pamoja mlangoni jioni, wala za kutembea pamoja mpaka kwenye chemchemi. Adui wa Injili alijua alichokuwa anakivunja. Alijua kwamba mume na mke wakitenganishwa, nyumba inayumba. Neema ya Mungu ndiyo iliyoisimamisha nyumba hiyo.

Sasa sisi tunaoweza kuamka asubuhi chini ya paa moja, tukifanya kana kwamba kuwa pamoja ni kitu kisicho na bei, tunaudharau mzigo walioubeba wao. Kuna nyumba hapa Bukavu ambamo mume na mke wanakutana usiku tu, wamechoka, wanasemezana habari za deni, ada ya shule na bidoni la maji, kisha usingizi. Mwaka unapita, miaka kumi inapita. Watu wanawaona ni ndoa nzuri kwa sababu hawapigani. Lakini macho yao hayajawahi kutazama kitu kimoja pamoja. Ndoa ya namna hiyo ni ushirika wa kazi, na Mungu aliagiza kitu zaidi ya ushirika wa kazi.

Kwa hiyo kwa wale wa kwanza tunajibu: matembezi ya wawili hayakuanzia kwa Wazungu. Yalianza katika bustani, kabla ya kabila lolote kuwako.

TUSHUKE MJINI

Sasa tuchukue mfano. Tuwaite Baba Neema na Mama Neema, watu wa Kadutu, mfano tu. Wanatoka saa moja asubuhi kwa miguu. Watoto wamebaki kwa bibi yao, bugali imepikwa. Hawana haraka, na kwa mara ya kwanza wanaona njia wanayopita kila siku.

Kadutu yenyewe inawafundisha kabla hawajafika mbali. Nyumba zimebebana mlimani kama watu katika basi. Wabelgiji walipopanga mji huu na kuuita Costermansville, waliupanga kwa watu wachache: Wazungu kando ya ziwa, Waafrika juu kwenye milima. Leo wakaaji wamepita milioni moja, na mvua ikinyesha sana udongo unateremka pamoja na nyumba. Baba Neema anasimama, anatazama mfereji ulioziba takataka. Siku zote aliuruka tu, kwa sababu alichelewa kazini.

Njiani wanapishana na mama mmoja anayepanda mlima na gunia mgongoni, kamba imekaza kipaji cha uso. Mama Neema anamtambua: wanaimba pamoja kanisani. Hajawahi kumwona chini ya mzigo. Anasimama, anamsalimu kwa jina, anamuuliza habari za watoto. Ni dakika mbili tu, lakini katika dakika hizo mtu aliyekuwa mgongo na gunia amekuwa tena dada yetu.

Wanafika Place de l'Indépendance. Hapo, tarehe 27 Februari 2025, siku chache baada ya wapiganaji wa M23 kuingia mjini, milipuko ilitokea kwenye mkutano wa watu wengi, na zaidi ya watu kumi wakafa. Leo pikipiki zinapita, wachuuzi wanaita. Baba Neema na mke wake hawawezi kupita hapo kama mtu apitaye sokoni. Wanasimama kidogo na kuomba kimya.

Wanaendelea mpaka Nyawera. Hapo aliuawa Askofu Mkuu wa Wakatoliki, Christophe Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996, siku vita ilipoingia Bukavu. Alikuwa amepaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya watu wa mji. Mwili wake uko kwenye katedrali ya Notre-Dame de la Paix, ile yenye kuba kubwa inayoonekana kutoka mbali. Yeye hakuwa wa kanisa letu. Lakini sisi watoto wa nabii aliyefungwa tunajua harufu ya shahidi, wala hatuulizi alibatizwa wapi kabla ya kuinamisha kichwa.

Saa sita wanateremka ziwani. Hapa, wapendwa, ndipo neno la wale wa tatu linasimama mbele yetu. Ziwa Kivu ni zuri kupita maneno. Mji umeingiza rasi zake tano majini kama vidole vya mkono, maji ni ya buluu, ng'ambo unaona milima ya Rwanda. Wavuvi wa sambaza wamepumzisha mashua zao, zile zinazofungwa tatu tatu kwa miti mirefu, wanangojea usiku wawashe taa. Mama Neema anasema polepole: "Baba Neema, miaka tisa tuko hapa, na mimi sijakaa bado chini nikaangalia haya maji." Mume hana jibu, anakaa karibu naye. Wanakula ndizi walizozibeba.

Je, wanacheka kwenye kilio?

Sisi tunasema hapana, na sababu tunaitoa. Anayecheka kwenye kilio ni yule asiyejua kwamba kuna maiti ndani ya nyumba, au anajua na hajali. Lakini Mama Neema ametoka kuomba Place de l'Indépendance, ametoka kumsalimu mwenye mzigo. Furaha yake ziwani haikuufuta msiba, imekaa pembeni ya msiba, kama vile mfiwa anavyokula bugali ya jirani ili apate nguvu za kulia tena kesho. Bwana wetu alipouona mji wa Yerusalemu aliulilia (Luka 19:41). Lakini huyo huyo alitazama maua ya kondeni, akayasifu kuliko mavazi ya Sulemani. Kama macho ya Yesu yaliweza kubeba ua na machozi pamoja, kwa nini tuseme yetu hayawezi?

Tena tufikiri upande wa pili. Mtu anayeuona mji wake kuwa mahali pa mateso tu, siku moja ataacha kuupigania. Ataukimbia moyoni hata kama miguu yake ingali hapa. Anayejua uzuri wa kitu ndiye anayeuma meno kinapoharibiwa. Vita vingi vimepita Bukavu: mwaka wa 1967 mamluki wa Schramme waliushika mji, mwaka wa 1996, mwaka wa 1998, Juni 2004, Februari 2025. Kila mara mji umesimama tena kwa sababu kuna watu walioupenda. Na huwezi kukipenda kitu ambacho hujawahi kukiangalia.

UNACHOKIONA KINAKUDAI

Lakini tusimalizie hapo, kwa maana wengine watashika nusu ya neno hili na kusema: "Kanisa limeruhusu, twende tukajifurahishe." Ngojeni.

Jua linapoanza kushuka, watu wetu wawili wanafika upande wa Ruzizi, mahali ambapo maji yanatoka ziwani kuelekea Tanganyika. Chini kidogo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, la tangu mwisho wa miaka ya 1950. Katika miaka hii ya 2020 imetokea zaidi ya mara moja kwamba mashine zake zimeharibika au kusimama, na umeme ukakosekana katika mji, kwa sababu ya chupa na mifuko ya plastiki. Plastiki hiyo inatoka wapi? Mvua inaitelemsha kutoka mifereji ya milimani, kama ule mfereji ambao Baba Neema aliuona asubuhi. Na nyingine inatupwa na mikono ya watembezi wenyewe: wanakaa kando ya maji, wanakunywa, wanasifu uzuri wa ziwa, wanatupa chupa humo humo. Jioni wanarudi nyumbani na kulalamika kwamba hakuna moto.

Tazameni fundisho hili. Mtu amelitazama ziwa saa tatu, na hakuliona. Kama angeliona, mkono wake ungekataa kutupa.

Mfano wa pili uko karibu nasi, kilomita thelathini hivi, Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1970, na tangu 1980 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni kutoka nchi nyingi wamelipa feza nyingi ili kumtazama sokwe mkubwa saa moja tu. Sisi hatusemi vibaya juu ya sokwe, ni kiumbe cha Mungu na tunapaswa kumlinda. Lakini Wambuti wa msitu ule, wanaoitwa pia Batwa, waliokuwa wakiishi humo tangu mababu zao, waliondolewa katika miaka ya 1970 bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka wa 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ukasema kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa miaka mingi watembezi walipita barabarani, wakamwona sokwe, na hawakumwona mtu aliyesimama pembeni ya njia bila shamba. Walikuwa na macho mazuri, na vyombo vya kupiga picha vizuri kuliko vyetu. Kilichokosekana kilikuwa ni kujua kwamba unachokitazama kinakudai.

Huko Bangkok tuliyoitaja mwanzoni, mgeni akitaka kuingia ndani ya hekalu la Wabudha, anaambiwa avue viatu na afunike mabega na miguu. Sisi hatuabudu wanavyoabudu. Lakini sheria hiyo inatushtua, kwa maana inafanana na yetu. Sisi tunavua viatu tunapoomba, na Nkamba tunatembea miguu mitupu, kwa kumkumbuka Musa mbele ya kijiti kilichowaka. Watu hao wanajua kitu kimoja: huwezi kuingia mahali palipo na thamani kwa watu wengine kama unavyoingia dukani. Basi mume na mke Wakristo watembee katika mji wao viatu vya moyo vikiwa vimevuliwa. Mahali mtu alipouawa, mahali mama anapouza mchana kutwa apate chakula cha siku moja, mahali maibobo wanapolala: hapo pote ni mahali pa watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu. Usiwapige picha maskini ili uwaonyeshe wenzako. Usimnyoshee kidole mgonjwa. Usiende Panzi kutazama wanawake waliojeruhiwa, uende kama una cha kuwapelekea, na kama huna, waombee ukiwa nyumbani.

UPENDO, AMRI, KAZI

Sisi Wakimbangu tuna maneno matatu ya kutuongoza: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri na Kazi. Tuyatumie kupima jambo hili, ili hata asiyekumbuka mengine akumbuke haya.

Upendo: siku hiyo iwe ya wawili kweli. Mume asitembee mbele hatua kumi kama askari, na mke nyuma kama mbeba mizigo. Simu ikae mfukoni. Muulize mwenzako anaona nini, umngojee ajibu. Wako watu waliozaa watoto sita pamoja na hawajui mwenzao anapenda mti gani.

Amri: kinachokatazwa nyumbani kinakatazwa na ziwani. Kunywa pombe hakugeuki kuwa halali kwa sababu nganda imejengwa kando ya maji. Kuoga uchi hakugeuki kuwa halali kwa sababu ni likizo. Na usikope feza kwa ajili ya matembezi, maana deni la kujionyesha ni mtego. Hapo tunawajibu wale wa pili: matembezi ya Baba Neema yamegharimu ndizi chache na miguu. Kwa nyumba ambayo siku moja bila kuuza ni siku ya njaa, saa mbili za jioni ya siku ya mapumziko zinatosha. Mungu hapimi urefu wa njia. Tena hekima pia ni amri: kuna majuma katika mji huu ambamo risasi zinasikika, na siku hizo kumpenda mke wako ni kubaki naye nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Usiku usikukute mbali.

Kazi: urudi na deni, na ulilipe. Baba Neema ameuona mfereji, Jumamosi inayofuata anachukua jembe na kuwaita vijana wa avenyu wauzibue. Mama Neema amemwona mwenzake chini ya gunia, Jumapili anauliza katika chama cha wamama kama wanaweza kumchangia mtaji mdogo aache kuvunja mgongo. Wakifanya hivyo, siku yao haikupotea. Wasipofanya, hata kama waliimba nyimbo njia nzima, walikuwa kuhani na Mlawi.

NENO KWA WALE WALIO PEKE YAO

Limebaki jambo moja ambalo hatuwezi kulikimbia. Katika kila parokia yetu kuna wajane, wengi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Kuna wake ambao waume wao walikwenda migodini na hawajaleta habari. Kuna waume ambao wake zao wako kambini upande mwingine wa mpaka. Watu hao wanapowaona wawili wakipita mkono kwa mkono kuelekea ziwani, furaha hiyo inawachoma kama mwiba. Je, tuwaambie wenye ndoa wajifiche? Je, tuwaambie wajane wageuze uso?

Hatusemi hivyo wala hivyo. Mama Mwilu alikuwa mke asiye na mume machoni mwake kwa miaka 30, na hakuwachukia wenye waume, aliwalea kama watoto wake. Nyumba yake ilikuwa mahali pa waliotawanywa. Huo ni ushuhuda kwa wajane wetu. Kwa wenye ndoa ushuhuda ni mwingine, uko katika Luka 24. Watu wawili walikuwa wakitembea njiani kwenda Emau, wenye huzuni, wakiongea habari za mji wao na mauaji yaliyotokea ndani yake. Mtu wa tatu akawakaribia. Hawakumwambia, "Tuache, haya ni matembezi yetu wawili." Walitembea naye, na jioni walimlazimisha akae nao. Ndivyo walivyomjua Bwana, katika kuumega mkate.

Basi mkitembea mara ya kwanza, tembeeni wawili, ni haki yenu mbele za Mungu. Lakini mara ya pili piteni kwanza nyumba ya jirani aliyefiwa. Mwambieni: "Mama, tunashuka ziwani, twende pamoja." Pengine atakataa. Pengine atakuja na kulia njiani, na mtakaa naye chini mpaka amalize. Pengine pia atacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hamjui. Wale wawili wa Emau nao hawakujua ni nani waliyemkaribisha.

Mungu wa amani ayalinde macho yetu, azilinde ndoa zetu, auhurumie mji wa Bukavu na wote waliomo. Amina.